Simu ya Upepo Isife Mikononi Mwetu

Kila apitaye karibu na uwanja wetu hapa Kasenga huona waya mwembamba uliotandwa kati ya miembe miwili, naye hutuuliza neno moja: "Ninyi watu, mwatafuta nini huko juu, na kila mtu ana simu mfukoni mwake?" Hatulichukii swali hili. Ni swali la haki, nalo lataka jibu la haki. Leo twalijibu kwa maandishi, ili waulizao walisome polepole, nasi wenyewe tulipime jibu letu kama lina uzito.

Kwanza tuseme sisi ni nani. Tu watu watano. Mmoja alikaa miaka mingi kwenye foni ya misheni. Mmoja ni mwalimu. Mmoja hutengeneza mashine za mitumbwi. Mmoja huuza samaki. Wa tano ni mama mjane, aliyefundishwa alama za Morse na marehemu mume wake, naye atupita sote kwa wepesi wa sikio. Kitu kinachotuunganisha ni redio ya mawimbi mafupi. Hatulipwi hata faranga moja. Wenye Kifaransa huwaita watu wa namna hii maamatere, maana yake wapenzi, yaani watu wafanyao jambo kwa kulipenda tu.

Wakubwa wa Kasenga wanaikumbuka foni. Lubumbashi iko mbali nasi zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na wakati wa mvua magari hukwama matopeni siku nyingi. Katika miaka ile foni ilikuwa mdomo na sikio letu. Ilikuwa sanduku la chuma, betri ya gari, na waya mrefu nje. Kila misheni ilikuwa na saa yake. Padri au msaidizi wake aliita, wengine wakanyamaza, kisha kila mmoja akajibu kwa zamu. Aliyesema na Kilwa alisikiwa na Pweto pia, kwa maana foni haikuwa na siri. Kwa njia hiyo tulijua dawa zimepakiwa, ndege itashuka siku gani, Sista fulani ni mgonjwa. Mtu akifariki Lubumbashi, ndugu zake wa hapa walipata habari siku ile ile, kabla barua haijatoka posta.

Baadaye zikaja simu za mkononi. Foni ikanyamaza, kwanza siku moja katika juma, halafu juma zima, halafu kabisa. Hatuzilaumu simu. Mwenzetu muuza samaki ajua bei ya soko la Lubumbashi kabla hajapakia mzigo wake, na hilo ni jambo jema. Lakini foni ilipozimika, tuliona neno ambalo twapenda kila msomaji alifikiri. Foni ilikuwa kazi. Kazi ikipata chombo chepesi zaidi, chombo cha zamani hutupwa, na maarifa yake hutupwa pamoja nacho. Kitu kinachopendwa hakifi kwa sababu ya chombo kipya. Hufa kwa sababu moja tu: wakijuao wasipomfundisha mwingine.

Tena twapaswa kujua kwamba foni yenyewe ni mtoto wa wapenzi hawa. Simu ya upepo ilifika Kongo mapema sana. Kati ya 1911 na 1913 Mbelgiji Robert Goldschmidt, akisaidiwa na Mfalme Albert, alisimamisha vituo vya kupeleka habari bila waya kutoka upande wa pwani mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Lakini vituo vya siku zile vilitumia mawimbi marefu, vilitaka milingoti mikubwa na mashine nzito, na misheni ndogo haikuweza kuwa navyo.

Je, nani aliyafungua mawimbi mafupi? Mwaka 1912 serikali ya Marekani iliweka sheria: wapenzi wa redio wakae kwenye mawimbi ya mita 200 na chini ya hapo. Wenye maarifa makubwa wa wakati ule waliyahesabu mawimbi hayo kuwa mabaki yasiyofaa kwa safari ndefu. Wapenzi hawakununa. Walijaribu usiku kwa usiku. Mwezi wa Novemba 1923, Mfaransa Léon Deloy, akiwa Nice, alizungumza na Fred Schnell wa Marekani, huku na huku, juu ya bahari ya Atlantiki nzima, kwa mawimbi ya mita 100 na kidogo. Ndipo watu wakatambua kwamba mawimbi mafupi hupanda juu, hugonga tabaka la hewa lililochomwa na jua, na kurudi chini mbali sana. Yale mabaki yalikuwa hazina. Baadaye, tarehe 18 Aprili 1925, wapenzi wa nchi nyingi walikutana Paris wakaanzisha umoja wao wa dunia, ambao upo hata leo.

Basi yule Padri aliyeita Kilwa na Pweto kwa betri ya gari alipita katika njia waliyoifungua watu wasiolipwa. Hilo ni deni letu, na deni la namna hii hulipwa kwa kuiacha njia wazi kwa wanaokuja nyuma.

Mtu atauliza, "Je, Kongo kulikuwa na wapenzi kama hao?" Ndiyo, walikuwapo, ingawa wachache, na katika zama za Wabelgiji karibu wote walikuwa Wazungu. Kila mpenzi wa redio hupewa jina lake la hewani, nalo huonyesha nchi yake. Majina ya Kongo ya Wabelgiji yalianza kwa OQ5. Baada ya uhuru wa 1960 yakawa 9Q5, na mpaka leo herufi za Kongo yetu ni 9Q. Ukivuka Luapula kwa mtumbwi umeingia Zambia, na herufi zimekuwa 9J. Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Z, Uganda ni 5X. Watoto tunaowafundisha hupenda sana habari hii. Mmoja alituambia kwamba hajafika hata Lubumbashi, lakini usiku amekwisha kusikia nchi sita.

Sasa tueleze kidogo namna ya kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni uchawi au ni utajiri. Si hivi wala si vile. Waya wetu una urefu wa mita 20, umekatwa katikati, mita 10 upande huu na mita 10 upande ule, na kutoka katikati hushuka waya wa pili mpaka mashine. Kipimo hicho chatoshea mawimbi ya mita 40. Mchana, kwa mawimbi hayo, sauti hupanda karibu wima na kushuka karibu, hata Lubumbashi yaweza kusikika. Giza likiingia, njia hurefuka, na nchi za mbali zaanza kufika. Kwa mawimbi ya mita 20 mambo hugeuka: sauti huiruka Lubumbashi isiiguse, ikaenda kushuka Nairobi au Ulaya. Mtoto akisikia hayo hucheka: "Basi jirani hatusikii, wa mbali anatusikia?" Ndivyo ilivyo. Tena jua lenyewe lina madoa, yanayoongezeka na kupungua kwa zamu ya miaka 11 hivi. Yakiwa mengi, mawimbi mafupi husafiri vizuri zaidi. Mpenzi wa redio hujifunza kuangalia jua kama mvuvi anavyoangalia maji.

Kusikiliza ni jambo moja, kusema hewani ni jambo jingine. Kusema kwataka mtihani na kibali cha serikali. Ombi letu limekwisha kupelekwa, nasi twangoja. Mpaka hapo twasikiliza tu, twaandika katika daftari saa, mawimbi na jina la hewani tulilolisikia, na pengine twampelekea mwenyewe barua kumjulisha kwamba sauti yake imefika Luapula. Naye, akiwa mwungwana, hujibu kwa kadi. Tunazo kadi kadhaa ukutani. Mojawapo ilichukua miezi tisa kufika, na siku ilipofika mama mjane aliishika kama picha ya ndoa.

Twakaza neno la kibali kwa sababu. Katika nchi yetu redio inayosema imewahi kuleta hofu na hata kifo. Katika uasi wa 1964, upande wa Stanleyville, ndiyo Kisangani, waasi walizitafuta foni za misheni, wakadhani kila mwenye foni ni mpelelezi. Daktari Paul Carlson, mmisionari Mprotestanti kutoka Marekani, alisingiziwa upelelezi, akauawa Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964. Wazee hawajasahau mambo hayo. Kwa hiyo twawaambia wazazi waziwazi: sheria ya wapenzi wa redio, katika dunia nzima, yakataza mambo matatu. Hakuna kulipwa kwa kupeleka habari. Hakuna kufanya biashara. Hakuna kuficha maana ya maneno. Kila asemalo mtu, yeyote mwenye masikio aweza kulisikia. Mlango wetu hukaa wazi tukiwa kazini. Askari akipita, twamkaribisha kiti.

Sasa twafika penye neno gumu. Mwaka uliopita mfanyabiashara mmoja kijana alitujia, akataka kununua betri zetu mbili na paneli ya jua, apate kuchaji simu za watu sokoni. Bei yake ilikuwa nzuri. Alisema kwa heshima, "Wazee wangu, ninyi mwasikiliza tu. Mimi nitawahudumia watu." Tulikaa kushauriana jioni mbili. Muuza samaki alitaka tuuze, na hoja yake ilikuwa nzito: watoto wa jamaa zetu walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwalimu alitaka tusiuze. Fundi wa mashine alisema tuuze betri moja. Mzee wa foni alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Tukiuza, ni nani kati ya watoto atajua nilivyokuwa nikifanya?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Hapo mama mjane akatukumbusha mpumbu. Wasomaji wa kando ya Luapula wamjua samaki huyu. Zamani, kila mvua zilipoanza na maji kujaa, mpumbu alipanda mto makundi kwa makundi kwenda kutaga mayai. Wavuvi walimngoja pale pale njiani, kwa maana ndipo alipovuliwa kwa urahisi, akiwa na mayai tumboni. Katika miaka ya 1940 wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walipeleka samaki kwa magari mpaka Élisabethville kulisha wafanyakazi wa migodi. Kila mtu alipata fedha. Lakini miaka ya 1950 ilipoingia, mpumbu alikuwa amepungua vibaya mno, na wingi ule wa zamani haukurudi. Mama akasema, "Hatukumaliza samaki wakubwa tu. Tulimaliza wale ambao hawajazaliwa. Na mzee huyu akienda na mayai yake tumboni, itakuwa vile vile."

Hatukuuza. Lakini tulijiwekea sharti mbili, kwa sababu haikuwa haki kukaa na mali hiyo kwa ajili ya furaha ya watu watano. Sharti la kwanza: kila Jumapili baada ya Misa, mgonjwa au mwenye msiba asiye na fedha ataweza kuchaji simu yake kwetu bure. Sharti la pili: kila mmoja wetu amfundishe mtoto mmoja mpaka awe na uwezo wa kumfundisha mwingine. Atakayeshindwa kutimiza sharti hili katika miaka miwili, sehemu yake ya betri iuzwe, na fedha ziende kwa karo. Muuza samaki alikubali, lakini mpaka leo husema kwamba yeye anahesabu miezi. Twapenda ahesabu. Jambo lisilohesabiwa husahauliwa.

Pengine mtu atasema: hata mkiwafundisha, watapata faida gani? Twajibu kwa mifano miwili ya kweli. Mwezi wa Desemba 2004 kikundi cha wapenzi wa redio wa India, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Bharathi Prasad, kilikuwa katika visiwa vya Andaman. Walikwenda kwa ajili ya mchezo wao tu, wapate kuzungumza na dunia kutoka mahali pasiposikika mara nyingi. Tarehe 26 mawimbi makubwa ya bahari yakapiga visiwa vile, simu zikafa. Mashine zile za mchezo ndizo zilizopeleka habari za waliopona na waliopotea. Mfano wa pili ni Nepal. Huko kwa miaka mingi sauti iliyosikika hewani ilikuwa karibu ya mtu mmoja, Padri Marshall Moran, Mjesuiti, mwalimu wa shule, jina lake la hewani 9N1MM. Alifariki mwaka 1992. Kama maarifa yake yangalibaki kwake peke yake, Nepal ingalinyamaza naye. Lakini wenyeji wa nchi walijifunza, na tetemeko kubwa la tarehe 25 Aprili 2015 lilipobomoa miji, wapenzi wa redio wa Nepal walikuwapo kusaidia kupeleka habari. Wahenga walisema kweli: akiba haiozi.

Nasi Wakatoliki tunaye ndugu mbinguni katika jambo hili. Mtakatifu Maximilian Kolbe, Mfransisko wa Poland, alikuwa na kituo cha redio katika monasteri yake ya Niepokalanów, jina lake la hewani SP3RN, nacho kilianza kusikika mwaka 1938. Vita vilikizima mapema. Yeye mwenyewe alikufa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, akijitoa badala ya baba wa watoto aliyehukumiwa kufa. Wapenzi wengi wa redio humwita msimamizi wao. Picha yake ndogo iko juu ya mashine yetu.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la zamani tu, la kutazama nyuma kwa machozi. Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa satelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, na ndani yake kuna chombo cha wapenzi wa redio kiitwacho QO-100. Satelaiti hiyo hukaa juu ya ikweta karibu na digrii 26 mashariki. Kasenga iko karibu na digrii 28 na nusu. Maana yake, wakati wenzetu wa Ulaya ya kaskazini huitafuta chini karibu na upeo wa macho, kwetu iko karibu na utosi. Sahani ndogo ya televisheni na kompyuta vyatosha kuisikiliza. Mwalimu amekwisha kupata sahani iliyotupwa, na wanafunzi wake wameinyoosha kwa nyundo. Bado twatafuta vipande vingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Hesabu yetu leo ni hii. Watoto watatu wanajifunza. Wawili ni wavulana, ambao hupenda zaidi kupanda miembe kurekebisha waya kuliko kukaa na daftari. Wa tatu ni mjukuu wa yule mama mjane, msichana wa darasa la sita, naye hugonga alama za Morse juu ya meza kwa kijiko hata wakati wa chakula, mpaka bibi yake humkemea. Juma lililopita alisikia jina zima la hewani, akaliandika bila kusaidiwa, kisha akampelekea mzee wa foni alisome. Mzee macho yake yamefifia. Alilishika daftari karibu na taa, akasoma herufi moja moja, akasema, "Ni sawa." Hakusema zaidi. Kwetu sisi ilitosha.

Bado nafasi mbili za wanafunzi hazijajazwa, na miezi inahesabiwa. Mzazi mwenye mtoto mpenda kusikiliza, mvulana au msichana, amlete Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya miembe ile ile. Hakuna ada. Alete daftari na kalamu, na awe na subira ya kukaa kimya nusu saa.